Dawa ya Presha Naitiri: Zahanati, Kemisti au Kitale?

Anayetumia dawa ya presha huitumia mwezi baada ya mwezi, mara nyingi maisha yake yote. Kwa mkulima wa Naitiri ambaye pesa humfikia mahindi yakishauzwa, mahali pa kuipata dawa hiyo ni uamuzi mzito.

Kenya haina sheria inayomwekea mwenye kemisti kikomo cha bei. Afrika Kusini inayo: tangu 2004 dawa nyingi za sekta binafsi hutoka kwa mtengenezaji kila moja kwa bei moja, na ada ya mfamasia ina mpaka wake. Kwetu serikali hushusha gharama kwa kununua kwa wingi kupitia KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa, kisha kaunti huagiza na kugawia vituo vyake.

Kwa hiyo anzia zahanati au kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na 3. Ukishajisajili SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, Hazina ya Afya ya Msingi ndiyo hulipa, hata kama hujaanza kutoa mchango. Bima ya hospitali kubwa ni jambo jingine: asiye na mshahara hulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kuzitoa za mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Zitenge siku ile ile unapouza magunia, kabla karo haijazimaliza.

Lakini dawa ya bure isiyokuwepo si ya bure. Rafu ikiwa tupu, umepoteza siku na nauli ya boda, na bado utanunua. Hili linaniuma kuliko bei yenyewe, maana wengi hukata tamaa hapo, wakanunua vidonge vya wiki moja, kisha wakakaa bila dawa. Piga simu kituoni kabla ya kutoka, na uende ukiwa bado na akiba ya siku kadhaa.

Ikibidi kemisti, taja dawa yenyewe, si jina la kampuni. Norvasc ni amlodipini. Glucophage ya sukari ni metformini. Zilizotengenezwa na kampuni nyingine na kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu hufanya kazi ile ile, kwa kawaida kwa bei ya chini sana. Kitale kuna maduka mengi ya kulinganisha, ila safari hulipa ukinunua ya miezi miwili au mitatu, si ya wiki. Na daktari akiandika jina la kampuni, mwombe aandike la dawa kabla hujatoka chumbani mwake.