Mimea Yenye Maji Mengi: Ipandwe kwa Hadhari

Katika Kiminini, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Webuye, kama ilivyo mahali pengi, majirani hupeana mimea ya kupamba nyumba. Mtu huvunja tawi au jani, akampa mwenziwe, naye hulipanda katika kopo mlangoni pake. Desturi hiyo ni njema. Lakini baadhi ya mimea hiyo, hasa ile yenye majani au mashina manene, huzaana upesi mno, na ikiingia malishoni huleta hasara kubwa. Yafaa kila mtu aitambue kabla ya kuipanda.

JINSI YA KUITAMBUA

Mimea ya namna hii huweka maji mwilini mwake ili istahimili kiangazi. Ndiyo sababu tawi lake likikatwa halifi upesi. Hukaa majuma mengi, na likigusa udongo hutoa mizizi.

Wa kwanza ni mpungate, ambao asili yake ni Amerika. Mwili wake ni vipande bapa vya kijani vilivyoungana, vyenye miiba. Kila kipande kiangukacho chaweza kuwa mmea mpya. Nyani, tembo na ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu mbali.

Wa pili asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Majani yake ni membamba na ya mviringo kama vijiti, yenye madoadoa, na kwenye ncha zake huota vimea vidogo vidogo. Vimea hivyo huanguka na kushika mizizi chini. Maua yake ni mekundu, nayo huning'inia kama kengele. Mmea huu una sumu idhuruyo moyo wa ng'ombe. Mwaka wa 1997, huko Australia, ng'ombe 125 walikufa kwa kuula karibu na mji wa Moree.

Wa tatu ni mnyaa, ambao ni wa Afrika yenyewe. Una vijiti vya kijani karibu bila majani, na wengi huupanda kuwa ua wa boma. Ua huo ni mzuri, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kumpofusha mtu kwa muda. Aukataye na ajilinde macho, na watoto wasiuchezee.

MAFUNZO YA MAHALI PENGINE

Kuzaana upesi si kosa daima. Mkonge pia ni mmea wa jamii hii. Mwaka wa 1893 Dr. Richard Hindorf aliuleta Tanganyika. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutokana na hiyo yakatokea mashamba makubwa mno.

Lakini kule Laikipia mambo yalikuwa kinyume. Mpungate uliopandwa zamani kwa ua na pambo ulitoroka ukafunika malisho ya wafugaji. Miiba midogo ya matunda yake huwachoma mbuzi, kondoo na ng'ombe midomoni, machoni na hata tumboni, mpaka wengine hufa. Tangu miaka ya 2010 wataalamu wamepeleka huko kijidudu kinyonyacho maji ya mpungate. Kijidudu hicho hakidhuru mahindi wala maharagwe, lakini kazi yake huchukua muda mrefu. Ni rahisi zaidi kung'oa mche mmoja leo kuliko kuponya nchi nzima kesho.

JINSI YA KUIPANDA

1. Tawi au jani likatwe kwa kisu safi, kisha liwekwe kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke. Likipandwa mbichi huoza.

2. Lipandwe katika chungu au kopo lenye matundu chini, katika udongo uliochanganywa na mchanga au changarawe. Mvua ya Kiminini ni nyingi. Mimea hii hufa kwa maji kuliko kwa kiu. Wakati wa masika chombo kiwekwe chini ya ukingo wa paa.

3. Lisinyweshwe tena mpaka udongo umekauka.

4. Chombo kiwekwe juu ya jiwe au ubao, mbali na zizi, na vimea vilivyoanguka viokotwe kila juma.

5. Vipande visivyotakiwa visitupwe nje ya ua, wala mtoni, wala katika lundo la mbolea. Vikaushwe juu ya bati mpaka vife kabisa, kisha vichomwe moto.

Apendaye pambo lisilo na taabu na apande mshubiri. Huo pia hutoa machipukizi, lakini huyatoa karibu na shina lake, na ni rahisi kuyang'oa. Mpungate na ule mmea wa Madagaska haifai kupeanwa kamwe. Jirani akiomba tawi, na aelezwe kwanza tabia ya mmea wenyewe, kwa maana malisho ni ya wote, na ng'ombe hajui mpaka wa shamba.