«Holy Ghost» na «Holy Spirit»: je, ni Roho wawili?

Mseminari mmoja, akisoma kitabu cha sala cha Kingereza, aliniuliza: «Padri, mbona hawa wanaabudu mzimu?» Alikuwa ametafuta neno «ghost» katika kamusi ya Kifransa, akakuta «revenant», ndiyo kusema mfu anayerudi kutisha watu.

Tusimcheke. Kamusi haikumdanganya, ila ilimpa maana ya leo tu. «Ghost» ni neno la asili la Waingereza, ndugu ya «Geist» ya Wajerumani. Zamani maana yake ilikuwa roho, pumzi ya uhai. «Spirit» limetoka katika Kilatini, spiritus. Kwa hiyo Agano Jipya la Wakatoliki lililochapwa Reims mwaka 1582 liliandika «Holy Ghost» bila kukwaza mtu. Tena Yesu msalabani anatoa «ghost», ndiyo kusema roho yake.

Pole pole neno lile likashuka, likabaki kwa wafu. Ndiyo sababu, katika miaka ya 1960 na 1970, sala za Kanisa kwa Kingereza zikashika «Holy Spirit». Tazameni Luka 24, 37, pale Mitume wanapodhani wanaona mzimu. Kitabu kile cha 1582 kiliandika «spirit»; Biblia mpya nyingi zinaandika «ghost». Kumbe maneno yamebadilishana viti!

Basi, ninyi wakatekista, mkikuta «Holy Ghost» katika kitabu cha zamani, semeni Roho Mtakatifu, Nafsi ya tatu ya Utatu. Mzimu aachwe kwa Luka, na hata huko waelezeni watu kwamba Mitume walikosea.