Hukwe Zawose na sauti isiyopatikana kwenye piano

Bendi za jazi zilizotamba Tanzania miaka ya 1960, kama Western Jazz na Morogoro Jazz, zilitegemea zaidi magitaa na ala za kupuliza. Mpiga piano hakuwa nguzo ya bendi. Lakini Ugogo, nchi ya Wagogo, ilikuwa na bingwa wake wa piano ya vidole, ala inayoweza kupakatwa. Huyo ni Hukwe Ubi Zawose wa Doduma, mkoani Dodoma, fundi wa ilimba.

Ilimba ni sanduku la mbao lenye vibamba vyembamba vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Zile kubwa alizozicheza Zawose zilikuwa na vibamba zaidi ya 60, na si vyote vinavyoguswa. Hivyo visivyoguswa hutikisika vyenyewe vile vingine vinapochezwa, na hapo ndipo unapotoka mvumo usiokatika chini ya wimbo. Matundu ya sanduku huzibwa kwa utando wa buibui, nao hutetema na kukwaruza. Mgeni anaweza kudhani ala imeharibika. Kwa Wagogo, mkwaruzo huo ni sehemu ya utamu wenyewe.

Utaalamu mkubwa zaidi umo katika kulinganisha sauti. Chukua sauti inayotikisika mara 100 kwa sekunde. Ndani yake mna sauti nyingine zilizojificha: 200, 300, 400 na kuendelea. Muziki wa Kigogo hujenga ngazi yake ya sauti tano kwa hizo za asili, kuanzia ya tano hadi ya tisa. Ya saba ni 700. Piano, iliyogawa oktavo katika hatua 12 zilizo sawa, haina sauti hiyo. Iliyo karibu zaidi ni takriban 713. Tofauti hiyo inasikika waziwazi, na wapiga piano wa jazi wa Marekani wamehangaika miaka mingi kuigiza sauti za aina hiyo kwa kugonga vibao viwili jirani kwa pamoja. Zawose alikuwa nayo mkononi.

Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye Zawose akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Albamu ya *Tanzania Yetu* ilitoka Uingereza mwaka 1985. Mwaka 1996 ikafuata *Chibite*, chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel, kisha akarekodi *Assembly* na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, waitwao The Zawose Queens, walitoa albamu ya *Maisha* mwaka 2024.

Urithi huu unahitaji zaidi ya kusifiwa. Leo katika kwaya za mjini Dodoma, kuanzia eneo la Kikuyu hadi pembezoni, kinanda cha umeme ndicho kinachotoa sauti ya kuanzia. Mtoto anayekulia humo hujifunza 713 na kuiona 700 kuwa kosa la kurekebishwa. Baadhi ya vinanda vya kisasa vinaruhusu kushusha sauti ya kibao kimoja kimoja, na kazi hiyo haimalizi dakika tano. Mwalimu wa kwaya anayetaka kupiga wimbo wa Kigogo aanzie hapo: aweke *Chibite*, asikilize ilimba ikiwa peke yake, kisha ashushe sauti ya kibao cha 713 hadi ilingane na ya ilimba.