Mifupa na Misuli Uzeeni (2): Msimpokonye Mama Ufagio

Mama yangu alipotimiza miaka 70, sisi wanawe tulikaa kikao tukakubaliana kwamba sasa apumzike. Tukamtafutia binti wa kazi, tukamnunulia kochi lenye mito minene, na kila aliposhika ufagio alikuwapo mtu wa kumpokonya: "Mama, kaa, umetulea vya kutosha." Tulifanya hivyo kwa mapenzi. Baada ya miaka miwili hivi nilimtazama akitaka kwenda kuswali. Alijivuta hadi ukingoni mwa kochi, akaweka viganja juu ya magoti, akavuta pumzi, akajisukuma. Akarudi kitini. Mara ya pili akarudi tena. Mara ya tatu ndipo aliposimama, mkono ukitafuta ukuta. "Ni uzee tu, mwanangu," akaniambia. Uzee ulikuwapo, lakini sehemu kubwa ya kosa lile ilikuwa yetu.

Juma lililopita tuliona kwamba mfupa u hai. Chembe fulani hubomoa mfupa mkongwe, nyingine hujenga mpya, na hadi kiasi cha miaka 30 wajenzi ndio washindi. Baadaye wabomoaji huwazidi nguvu, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, kwa maana homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia imepungua mno. Leo ni zamu ya misuli, kwa kuwa viwili hivi hudhoofika pamoja. Msuli huuvuta mfupa kila tunapopanda ngazi au kuinua ndoo, na mvuto huo ndio unaowaamsha wajenzi. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliliandika jambo hili mwaka 1892: mfupa hujijenga kwa kadiri ya mzigo unaoubeba. Wanaanga, ambao miili yao huelea bila kulemewa na uzito, wanaweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mifupa ya nyonga kwa mwezi mmoja tu, nao ni watu wenye afya njema.

Misuli huanza kupungua mapema kuliko tunavyodhani. Tangu miaka ya thelathini mtu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na akivuka 60 kasi huongezeka. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani Irwin Rosenberg aliipa hali hii jina la sakopenia, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya ufukara wa nyama.

Zinazotangulia kusinyaa ni zile nyuzi za msuli zinazofanya kazi kwa haraka, na hapo ndipo hatari ilipo. Kijana akijikwaa kwenye ukingo wa mkeka, mguu wake wa pili hurushwa mbele kabla hata hajajua kilichotokea. Wa mzee huchelewa kidogo tu, na kuchelewa huko ndiko anguko. Nyonga iliyokwisha kuwa nyepesi ndani, yenye vitundu kama sifongo, inakutana na sakafu ya saruji. Kisha huja kitanda, na kitanda nacho hula misuli: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya waliolazwa siku 10 tu walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu.

Je, kilichokwenda hurudi? Mwaka 1990 Daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao huko Boston, katika makao ya wazee. Walichukua wakazi 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya kunyoosha goti dhidi ya uzito mzito, mara tatu kwa juma, kwa majuma 8. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliacha mikongojo. Kila nikiusoma utafiti huo namkumbuka mama na kochi lake.

Unaweza kumpima mzazi wako leo. Mketishe kwenye kiti kigumu, afumbate mikono kifuani, kisha asimame na kuketi mara tano mfululizo huku wewe umesimama karibu. Akipitisha sekunde 15, au akishindwa kuinuka bila mikono, nguvu za miguu zimepungua. Aliyewahi kuvunjika mfupa, au mwenye maradhi ya moyo, aonwe na daktari kabla ya kuanza mazoezi yoyote.

Kwetu tuliliondoa kochi, tukaweka kiti cha mbao. Ufagio ukarudi mikononi mwake. Asubuhi na jioni mama husimama na kuketi mara kumi, meza ikiwa mbele yake ya kushika. Siku ya kwanza kumpima alitumia sekunde 24 kwa mara tano, na alijisukuma kwa mikono. Mwezi uliopita alitumia 16, mikono kifuani.

Kinachonisumbua sasa ni mlo wake wa jioni, chai ya rangi na vipande viwili vya mkate, ilhali mzee wa kilo 60 kama yeye anahitaji walau gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku. Juma lijalo tutaingia jikoni.