Kijana aliyezaliwa na VVU asiwe wa mwisho kuambiwa



Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipobainika nchini, mkoani Kagera, mwaka 1983, likitajwa neno kijana pamoja na VVU mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye zinaa. Ni kweli hiyo ni njia kubwa ya maambukizi. Lakini wapo vijana wa miaka 13, 15 hata 17 ambao hawakutenda lolote. Walipata virusi kwa mama, wakati wa ujauzito, wa kujifungua au wa kunyonya. Kumtazama kijana wa namna hii kwa jicho la tuhuma ni dhulma.

Watoto wengi wanaozaliwa na virusi wasipotibiwa hufariki wakiwa wadogo. Wengine huchukua miaka. Atakwenda madrasa na shule, ila utaona hakui sawa na wenzake, anachelewa kubalehe, masikio yanatoka usaha mara kwa mara au kifua hakimwachi. Dalili hizo zinaweza kuwa za maradhi mengine kabisa, na mwingine hana dalili hata moja. Kwa hiyo mama akigundulika ana VVU, au akifariki kwa maradhi yasiyoeleweka, wapimwe watoto wote, hata yule mkubwa anayecheza mpira kila jioni.

Kipimo chenyewe si kigumu. Huchukuliwa tone la damu kidoleni, na majibu hupatikana kabla mzazi hajamaliza kupiga soga na jirani yake kwenye benchi. Kikionyesha kuna virusi, hurudiwa kwa vipimo vya aina nyingine kabla mtu hajaambiwa kuwa anao. Na kama maambukizi yanayohofiwa ni ya karibuni, kipimo cha leo kinaweza kisioneshe kitu. Itabidi arudi baada ya miezi 3.

Ama kuhusu ruhusa, sheria ya mwaka 2008 ilimtaka aliye chini ya miaka 18 apimwe kwa idhini ya mzazi au mlezi. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliushusha umri huo hadi miaka 15. Wapo wazazi waliochukia. Kwa maoni yetu, anayechukia mwanawe kwenda peke yake basi afuatane naye.

Tatizo zito zaidi liko kwa wale ambao tayari wanameza dawa na hawajui ni za nini. Nyumba nyingi humwambia mtoto kuwa ni dawa ya kifua, au vitamini. Siku moja mtoto anauliza, "Bibi, mbona Salma hamezi dawa kama mimi?" Bibi anajibu, "Mjukuu wangu, meza tu, hayo ya wakubwa." Akifika miaka 14 anasoma jina kwenye kichupa na kulitafuta kwenye simu ya rafiki yake. Sasa anajua mambo mawili kwa mpigo: kwamba ana VVU, na kwamba watu anaowapenda walimdanganya. Hapo ndipo vidonge huanza kutupwa chooni, virusi vikazaliana na hata kuwa sugu kwa dawa.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake, hatua kwa hatua. Mwenye miaka 7 anaweza kuambiwa kuwa katika damu yake mna vijidudu, na dawa hii huvilaza. Jina la vijidudu hivyo litafuata akikua. Akina mama wengi huogopa swali moja tu: "Nimeupata wapi?" Mweleze ukweli, ukiwa na mshauri nasaha pembeni ikibidi. Baba naye asijifiche nyuma ya mama, kwani mara nyingi mama alijulikana mapema kwa sababu tu yeye ndiye aliyekwenda kliniki.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji maandalizi. Vijana wengi siku hizi humeza kidonge kimoja kwa siku, na saa ya kumeza inaweza kuhamishiwa futari au daku. Zungumzeni na daktari tangu Shaabani. Akisema afya haijaruhusu kufunga, mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Hatari ni kijana kufunga na kuiacha dawa kimya kimya.

Anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Anaweza kuoa au kuolewa, na kupata watoto wasio na VVU, ilimradi mchumba aelezwe kabla ya nikaha.

Baadhi ya vituo vya tiba na matunzo vina siku maalumu ya vijana, ambapo hukutana na wenzao wenye hali kama yao. Ukimpeleka mwanao kuchukua dawa, uliza siku hiyo ni ipi, kisha umwache aingie chumbani bila wewe.