Siku ya Maombi Kusini mwa Nyanza

Ukimwambia mzazi wa Rongo, Oyugis au Mbita kwamba shule ya mwanawe imetangaza siku ya maombi, hatakuuliza maombi ya nini. Atauliza tarehe, kisha ataanza kupiga simu: kwa shangazi, kwa mama mdogo, kwa mjomba aliye Nairobi. Katika kaunti za Migori na Homa Bay jina hilo lina maana moja tu. Ni siku ambayo ukoo unakwenda kumsimamia mtoto kabla hajakalia mtihani wa taifa.

Mgeni huweza kudhani ni ibada tu. Ni ibada kweli, ila ni zaidi ya hapo. Shule nyingi za sekondari nchini Kenya hazina mahafali. Mwanafunzi wa kidato cha nne anapomaliza karatasi ya mwisho ya KCSE, mtihani wa taifa wa sekondari, hufunga sanduku akaenda zake. Matokeo humkuta nyumbani, na cheti hukifuata baadaye peke yake katika ofisi ya shule, pengine akiwa bado anadaiwa karo. Vuka mpaka pale Isebania uingie Sirari, upande wa Tanzania, utakuta wenzao wakifanya mahafali, tena kabla ya mtihani vilevile, wakiwa na mgeni rasmi na risala. Huku kwetu shamrashamra hizo zote zimetafuta pa kukaa, zikakaa ndani ya maombi.

Na dini imezipa makao mazuri. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Wakatoliki wakajenga misheni za Asumbi na Rapogi. Waumini wa kanisa la Legio Maria nao wana mlima wao mtakatifu wa Got Kwer. Kanisa na shule zimekua pamoja katika nchi hii, na mzazi haoni ajabu kasisi, mchungaji na mwalimu mkuu wakiketi meza moja. Mahali penye Waislamu wengi, kama Kendu Bay, sheikh naye huombwa dua.

Baada ya mahubiri, watahiniwa huitwa mbele. Hupiga magoti kwenye nyasi, kila mmoja ameinua juu kalamu, rula na seti ya jiometri, navyo huombewa pamoja na mikono itakayovishika. Wazazi husogea nyuma ya watoto wao, wakawawekea mikono mabegani. Hapo ndipo nyanya, ambaye Wajaluo humwita dani, humtamkia mjukuu gweth, yaani baraka, kwa maneno ya nyumbani ambayo hakuna mhubiri aliyemfundisha. Kisha hufungua pindo la leso akatoa noti iliyokunjwa mara nne.

Halafu chakula. Familia hutawanyika chini ya miti na kufungua vikapu: kuku wa kienyeji, chapati, ngege wa kukaanga, soda. Kadi za heri njema husomwa kwa sauti. Mtoto hula akiwa amezungukwa na watu wake, na wenzake wanaona ni wa nani.

Sasa mtazame yule ambaye hakuna aliyemjia. Homa Bay na Migori ni kati ya kaunti zilizoumizwa sana na Ukimwi, na kwa miaka mingi watoto wengi wamelelewa na nyanya asiye na nauli. Desturi ina jibu lake: rafiki humshika mkono akampeleka kwenye kikapu cha kwao, na mama wa rafiki humpakulia bila kuuliza. Nalipenda sana jambo hili. Lakini nimeona pia watoto wakijifungia bwenini mpaka magari yaondoke. Kadiri magari ya kukodi, keki na mahema yanavyozidi, ndivyo mlango wa bweni unavyozidi kufungwa. Shule inayopika chungu kimoja kwa wote, wazazi wakachangia kwa kadiri ya uwezo wao, haipunguzi baraka hata chembe.

Serikali nayo iliingilia kati. Baada ya wizi mkubwa wa mitihani mwaka 2015, waziri wa elimu Fred Matiang'i alipiga marufuku siku za maombi na ziara za wazazi katika muhula wa tatu mwaka 2016, kwa hofu kwamba mikusanyiko hiyo ilikuwa njia ya kupitishia karatasi zilizovuja. Shule zikahamishia maombi katika muhula wa pili, miezi kadhaa kabla ya mtihani, na wazazi wakaja vilevile. Marufuku yalihamisha tarehe tu, kwa sababu hitaji lenyewe halikuwa la mtihani peke yake.

Mitihani yenyewe nayo inabadilika. Mwaka 2023 darasa la nane walifanya KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na KCSE ya mfumo wa 8-4-4 itafikia kikomo mwaka 2027. Mwaka 2025 gredi ya tisa walifanya KJSEA, mtihani wa taifa uliofanywa kwa mara ya kwanza. Wengi wao walikuwa wa shule za kutwa, watoto wanaolala kwao kila siku, wasiohitaji kutembelewa na mtu. Hata wao wanaombewa, na wazazi wao wanakuja wakiwa na vikapu.