Nyaya Mbili, Tatu na Nne: Istilahi Moja, Maana Mbili

Katika vitabu vya maelekezo ya mitambo ya viwandani, mfasiri hukutana mara kwa mara na maneno "ya nyaya mbili", "ya nyaya tatu" na "ya nyaya nne". Tafsiri yake ni nyepesi, na huo ndio mtego wake. Kwani istilahi hizi zina maana mbili mbalimbali, na pengine zote mbili huwa katika ukurasa mmoja.

Maana ya kwanza yahusu kihisi. Kihisi cha joto kiitwacho Pt100 ni kipande cha platinamu chenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, nao huongezeka kwa kadiri ya omu 0.385 kwa kila nyuzi moja. Lakini nyaya za kukiunganisha nazo zina ukinzani: omu moja tu huzidisha kipimo kwa nyuzi mbili na nusu hivi. Waya wa tatu na wa nne huongezwa ili ukinzani huo uondolewe katika hesabu.

Maana ya pili yahusu transmita, yaani chombo kinachoigeuza ishara ya kihisi kuwa mkondo wa miliampea 4 hadi 20 na kuupeleka kwenye chumba cha kuendeshea mitambo. (Kukiita "kirusha mawimbi" ni kumpoteza msomaji, hapa hapana kinachorushwa hewani.) Swali hapa ni nani anamlisha nani. Transmita ya nyaya mbili hula na kusema kwa nyaya zile zile. Ndiyo sababu kipimo cha chini kabisa ni miliampea 4 wala si sifuri: kiasi hicho ndicho posho yake, na mkondo ukitoweka kabisa fundi hutambua kuwa waya umekatika. Ya nyaya tatu hupokea umeme kwa waya mmoja, hutoa ishara kwa mwingine, na wa tatu ni wa shirika. Ya nyaya nne ina jozi moja ya umeme, ambao waweza kuwa wa volti 230, na jozi nyingine ya ishara, ambayo kwa kawaida huisukuma yenyewe.

Fundi asiyeelezwa hayo aweza kuiunganisha jozi hiyo ya ishara mahali panapotoa volti 24, vyanzo viwili vikapambana na chombo kikaungua.

Kwa hiyo idadi ya nyaya isiandikwe pasipo jina la chombo. Na kwa transmita, twapendekeza iongezwe "yenye kulishwa" au "yenye kulisha". Vitabu vya kigeni hutumia hapa maneno ya kutenda na kutendwa; hayo tuwaachie wanasarufi.